Mwongozo wa Kununua, Kukunja na Kuchomelea Chuma Chenye Madini Adimu, kwa Mafundi wa Kilosa na Mikumi

Chukua kiberiti cha gesi kilichokwisha, kile cha dukani, ukifumue utoe kijiwe kilicho chini ya gurudumu. Ni kipande kifupi cha kijivu, unene wake kama risasi ya penseli. Kibane kwa koleo, ukikwaruze kwa tupa. Cheche zinazoruka si za tupa. Ni vumbi la seriamu na lanthanamu, metali mbili za kundi liitwalo madini adimu, na vumbi hilo huwaka lenyewe kwa joto la msuguano mara linapokutana na hewa.

Tazama cheche hizo vizuri kabla hujaendelea kusoma. Metali hizi zina uchu mkubwa wa oksijeni, na zina uchu kama huo wa salfa. Faida zinazoleta ndani ya chuma cha nguvu ya juu, na hasara zake pia, karibu zote zinatokana na uchu huo.

Nakuandikia wewe mwenye gereji kando ya barabara kuu ya Tanzania na Zambia pale Mikumi, wewe unayerudisha trela za miwa kazini kule Ruembe, na wewe wa Kilosa unayeishi penye reli ya kati ya zamani, tawi lake la kwenda Mikumi na Kidatu, na sasa reli ya kisasa, SGR. Siku hizi mabamba mengi yanatoka China, na kwenye vyeti vya baadhi yake utakuta herufi RE mwishoni mwa jina la daraja. Muuzaji akiulizwa, jibu lake huwa fupi: hicho kina madini adimu, hakivunjiki. Jibu hilo limewagharimu watu pesa, na siku moja litagharimu maisha. Madini adimu hayakipi chuma misuli. Yanakiondolea kasoro fulani iliyofichika, na ni lazima uijue kasoro hiyo ndipo ujue unalipia nini.

Nilijifunza kuiona kwa macho katika gereji moja ya Mikumi. Fundi alikuwa amekata bamba la milimita 8 la nguvu ya juu, akalikunja kuwa kishikio cha springi ya nyuma ya semitrela. Lilipofika karibu pembe mraba, mgongo wa mkunjo ulipasuka. Haukuwa ufa wa kukatakata. Ulinyooka kutoka ukingo hadi ukingo, kana kwamba mtu ameuchora kwa rula. Tulipoutanua kwa patasi, ndani palikuwa na tabaka za kijivu zilizolala moja juu ya nyingine, kama mwanzi uliopasuliwa kwa urefu. Kipande cha pili, kutoka bamba lilelile, alikikata kwa upande mwingine kwa sababu tu nafasi iliyobaki ilimlazimisha. Kile kilikunjika bila alama yoyote. Bamba moja, mashine moja, fundi mmoja. Kilichobadilika ni upande.

Sababu ni hii. Katika kila chuma kuna salfa kidogo iliyotoka kwenye makaa, kwenye mawe ya chuma au kwenye vyuma chakavu. Chuma kikiwa kinaganda, salfa hiyo hushikana na manganizi na kufanya punje za salfidi ya manganizi. Punje zenyewe ni laini. Bamba likipitishwa moto katikati ya rola, punje hizo hukandwa na kuvutwa pamoja na chuma, zikawa nyuzi nyembamba ndefu zilizolala zikifuata mwelekeo wa rola. Ukilivuta bamba kwa urefu wa nyuzi hizo, halina neno. Ukilivuta kwa kuzikata, kila uzi ni ufa mdogo uliokwisha kuanza. Ndiyo maana nguvu ya kuhimili kishindo, ikipimwa kwa upande wa kukata nyuzi, inaweza kushuka hadi nusu ya ile ya upande wa urefu, au chini yake.

Kwenye chuma laini cha mageti na madirisha, kasoro hii haikusumbui sana kwa sababu chuma kinanyooka na kusamehe. Kadiri nguvu inavyopanda, msamaha unapungua. Bamba la S355 huanza kukubali kunyooka moja kwa moja likivutwa kwa megapaskali 355. S700 husubiri hadi 700. Lakini mkazo huo mkubwa unabebwa na chuma kilekile chenye nyuzi zilezile, na ncha ya kila uzi inabeba mzigo uliozidi maradufu. Chuma cha nguvu ya juu ndicho kinachohitaji zaidi kuwa safi.

Hapo ndipo madini adimu yanapoingia. Kundi hilo lina elementi 17: lanthanidi 15, pamoja na skandiamu na itriamu. Jina la adimu linapotosha, kwani katika tabaka la juu la dunia seriamu ni nyingi karibu sawa na shaba. Wayeyushaji hawatumii zote. Hutumia hasa seriamu na lanthanamu, mara nyingi zikiwa pamoja katika mchanganyiko uitwao mishimetali, ambao karibu nusu yake ni seriamu. Zikitiwa kwenye chuma kilichoyeyuka, zinanyang'anya oksijeni na salfa kutoka kwa alumini na manganizi, na kufanya punje mpya za oksidi na oksisalfidi. Punje hizo mpya ni ndogo, za mviringo, na ni ngumu hata katika joto la rola. Rola hazizivuti kuwa nyuzi. Bamba linatoka na vitone mahali palipokuwa na nyuzi, na kitone cha mviringo hakina ncha ya kuanzishia ufa.

Faida nyingine zinafuata hapo. Bamba linakunjika pande zote mbili karibu sawasawa. Uchovu wa chuma, ule wa mzigo unaopanda na kushuka maelfu ya mara, unachelewa kuanza, kwa sababu ufa wa uchovu hupenda kuanzia kwenye punje kubwa au yenye ncha. Baadhi ya punje hizo mpya zina mpangilio wa ndani unaofanana na wa chuma kinapoanza kuganda, kwa hiyo chembe za chuma huotea juu yake na zinakuwa ndogo zaidi. Kutu ya vishimo nayo inapungua, maana salfidi ya manganizi ni mahali ambapo vishimo hupenda kuanzia. Haidrojeni, inayopasua chuma cha nguvu ya juu saa nyingi baada ya kuchomelewa, hunaswa kwa kiasi fulani kwenye punje hizo isizunguke ovyo.

Nguvu yenyewe ya kuvutwa hupanda kidogo tu, au haipandi kabisa. Nguvu inatoka kwa kaboni, manganizi, niobiamu, vanadi na namna kiwanda kilivyokipoza chuma. Mtu akikuambia bamba lake la kawaida limekuwa la nguvu ya juu kwa sababu lina madini adimu, ondoka dukani hapo.

Twende kwenye hesabu, maana ndiyo itakayokuonyesha kwa nini chuma kimoja chenye madini adimu ni bora na kingine ni balaa. Chukua ndoo ya kiwandani yenye tani 100 za chuma, salfa asilimia 0.005. Hiyo ni kilo 5 za salfa. Ili kuifunga yote kuwa salfidi ya seriamu, kila kilo ya salfa inahitaji seriamu kilo 2.9, kwa hiyo tunataka kilo 14.5 hivi. Sasa ongeza oksijeni, sehemu 20 katika milioni, yaani kilo 2. Kila kilo ya oksijeni inakula seriamu kilo 5.8. Hapo zinakwenda kilo 11.7 nyingine. Jumla ni kilo 26 kwa tani 100. Ni kiasi kidogo mno, kama mfuko mmoja wa unga kwa shehena ya malori matatu.

Na oksijeni ikiwa mara nne ya hiyo? Peke yake inataka kilo 46 na zaidi. Kiwanda kikitia kilo zilezile 26, oksijeni inazimaliza zote, salfa inabaki na manganizi wake, nyuzi zinabaki palepale, na juu yake umeongeza takataka za oksidi. Kikiamua kutia nyingi zaidi ili kufidia, shida nyingine inaanza. Punje za seriamu ni nzito. Oksidi ya alumini ina uzito wa gramu 4 hivi kwa sentimita ya ujazo, na katika chuma cha maji chenye gramu 7 huelea haraka ikatoka na takataka za juu. Oksisalfidi ya seriamu ina gramu 6, kwa hiyo inasitasita ndani, inashikana mashada, na huganda kwenye bomba la kumiminia chuma hadi linaziba. Seriamu iliyobaki bila kazi huungana na chuma chenyewe kwenye mipaka ya chembe na kukifanya kikatike kikiwa moto.

Viwanda vya Marekani viliionja shida hii miaka ya 1970, vilipotia madini adimu kwenye mabamba ya nguvu ya juu na ya mabomba ya mafuta. Faida ya mkunjo waliipata, lakini mabomba ya kumiminia yaliwasumbua. Baadaye ilipatikana njia ya kuishusha salfa mapema na kutumia kalsiamu kuzigeuza punje kuwa za mviringo, na wengi wakahamia huko. China, yenye machimbo makubwa ya Bayan Obo karibu na Baotou, haikuacha. Mwaka 2022 watafiti wa Taasisi ya Utafiti wa Metali ya Shenyang, Li Dianzhong akiwa mmoja wao, walichapisha katika jarida la Nature Materials kazi inayoonyesha kwamba siri iko kwenye oksijeni: iwe chache mno ndani ya chuma, na iwe chache pia ndani ya madini adimu yenyewe kabla hayajatiwa. Kwangu mimi hilo ndilo jibu la miaka mingi ya matokeo yaliyokuwa yakipishana. Madini adimu ni dawa ya mwisho kwa chuma ambacho tayari ni safi. Hayakiokoi chuma kichafu.

Sasa tuje dukani. Usianze na swali la kama kina madini adimu. Omba cheti cha kiwanda na uhakikishe namba ya mkupuo, yaani ya myeyusho uliolitoa bamba, iliyoandikwa humo ndiyo iliyogongwa au kuandikwa kwa rangi kwenye bamba lenyewe. Cheti kisichofanana na bamba ni karatasi ya chuma kingine. Kisha tafuta mstari wa salfa. Kwa kazi ya kukunja na kubeba mishtuko mimi sitaki kuona zaidi ya asilimia 0.010, na 0.005 ndiyo inayonipa usingizi. Fosforasi iangalie pia.

Jina la daraja lisome hadi herufi ya mwisho. 09CuPTiRE ni bamba la kichina la kuhimili hali ya hewa, linalotumika sana kwenye mabehewa ya mizigo ya reli. RE ni madini adimu, lakini shaba na fosforasi zilizotangulia kwenye jina ndizo zinazofanya kazi kubwa ya kupambana na kutu. Kwenye madaraja ya Ulaya hutaiona RE. Utaona JR, J0 au J2, nazo zinasema chuma kilihimili kishindo cha jouli 27 katika nyuzi joto 20, sifuri, au 20 chini ya sifuri. Hapa pana mtego ambao mafundi wengi hawajaambiwa: kwa kawaida kipimo hicho hukatwa kwa kufuata urefu wa bamba, upande ule ambao nyuzi hazidhuru. Bamba linaweza kufaulu J2 na bado likapasuka kama lile la Mikumi. Kwa hiyo uliza kipimo cha upande wa kukata, au tafuta alama Z25 au Z35. Z inasema bamba lilivutwa kwa unene wake, juu na chini, likapungua eneo kwa angalau asilimia 25 au 35 kabla ya kukatika. Bamba lenye nyuzi nyingi haliwezi kufika hapo. Likipewa Z35, mimi sijali tena kama kiwanda kilitumia kalsiamu, madini adimu, au vyote viwili.

Usitegemee cheche za grenda. Zitakuonyesha kaboni, kwa namna zinavyopasuka nyota, lakini seriamu ya asilimia 0.02 haionekani. Ile bunduki ya eksirei ya kupimia metali nayo haikusaidii, kwa kuwa haisomi kaboni na kiasi kidogo hivyo cha seriamu kinaipita. Ukiwa na kazi kubwa, tuseme chesisi kumi za aina moja, peleka kipande kwenye maabara Dar es Salaam, kwa shirika la utafiti wa viwanda TIRDO au Chuo Kikuu, na sema wazi kwamba unataka salfa, na unataka kipimo cha kishindo cha pande mbili.

Kwa kazi ya kila siku kuna kipimo chako mwenyewe, hakina gharama. Kabla hujaanza kazi, kata vipande viwili kutoka bamba hilo, kila kimoja upana wa vidole vitatu na urefu wa sentimita 25 hivi. Kimoja kiende na urefu wa bamba, kingine kikate upana wake. Piga kingo kwa grenda mpaka ziwe laini, uzizungushe kidogo pembe zake, maana mkwaruzo wa ukingoni utakudanganya. Vikunje vyote juu ya bomba lilelile, taratibu, mpaka pembe mraba kisha zaidi. Safisha mgongo wa mkunjo kwa kitambaa na uangalie kwa kioo cha kukuzia kwenye mwanga wa jua. Vikiwa sawa, una chuma ambacho mtu fulani kiwandani alikisafisha. Kile ambacho mkunjo wake unafuata nyuzi kikionyesha mistari midogo iliyonyooka, na kingine kiko shwari, hujanyimwa kazi. Geuza tu michoro yako ili kila mkunjo ukate mwelekeo wa rola, na ongeza mviringo wa ndani wa mkunjo. Vikipasuka vyote viwili, lirudishe bamba.

Fikiria kishikio kile kikiwa barabarani. Kutoka Mikumi kurudi kuelekea Morogoro, lori linapita ndani ya hifadhi kwa kilomita 50 hivi, na matuta yamewekwa humo kuwalinda wanyama. Kila tuta ni kishindo kimoja juu na kimoja chini, kwa kila ekseli, kwenda na kurudi. Trela ya miwa haina matuta mengi, ina mashimo ya shambani na mzigo uliofurika. Ufa wa uchovu hauna haraka. Unaanzia kwenye punje moja usiyoiona na kuongezeka kwa unene wa unywele kila baada ya safari kadhaa. Ninaposisitiza punje za mviringo nawaza matuta hayo, na dereva wa bodaboda anayelifuata lori hilo kwa nyuma.

Kwenye kuchomelea, hapa naomba unisikilize kwa makini. Madini adimu hayabadilishi kanuni hata moja ya kuchomelea. Hesabu ya kaboni sawia ni kaboni, ujumlishe manganizi gawa kwa 6, ujumlishe kromiamu, molibdenamu na vanadi kwa pamoja gawa kwa 5, ujumlishe nikeli na shaba gawa kwa 15. Seriamu haimo. Ikizidi 0.45 hivi, bamba linataka kupashwa moto kabla ya kuchomelewa, liwe na RE au lisiwe nayo. Vijiti vya E7018 vikivuta unyevu mara moja tu, umeingiza haidrojeni kwenye mshono. Vikaushe kwenye oveni kwa joto aliloandika mtengenezaji, ambalo mara nyingi ni kati ya nyuzi joto 300 na 350 kwa saa moja hadi mbili, kisha uvitunze mahali pa moto. Kuvianika juani Kilosa, hata Januari, hakufiki popote karibu na joto hilo. Faida ya kunasa haidrojeni niliyoitaja hapo juu ni akiba ya chuma chenyewe. Usiitumie kufidia uvivu wa kukausha vijiti.

Na kama unachomelea kwa argoni, huenda madini adimu umeyashika mkononi miaka yote: sindano ya tangsteni yenye rangi ya kijivu kichwani ina oksidi ya seriamu, ya dhahabu na ya buluu zina oksidi ya lanthanamu. Humo yanasaidia tao kuwaka upesi na kutulia. Ni afadhali hizo kuliko zile nyekundu zenye thoriamu, ambayo ina mnururisho na vumbi lake la kunolea si la kuvuta.

Kuhusu reli. Kilosa imeishi na reli tangu Wajerumani walipoileta kutoka Morogoro, walikofika mwaka 1907, na sasa treni ya umeme inapita kwa kasi ya hadi kilomita 160 kwa saa kuelekea Dodoma, huduma iliyoanza Julai 2024. Mapigo ya gurudumu juu ya kichwa cha reli yanazaa uchovu wa aina yake: ufa huanzia milimita chache chini ya uso, kwenye mashada ya oksidi, halafu ganda linabanduka. Ndiyo maana kiwanda cha Baotou kina reli za U76NbRE na U76CrRE, ambazo majina yake unaweza sasa kuyasoma mwenyewe. Daraja la chuma huonyeshwa ubavuni mwa reli kwa maandishi au alama zilizoinuka, pamoja na alama ya kiwanda na mwaka. Yasome kwenye kipande ulichokinunua kihalali na chenye karatasi. Usivuke uzio wa SGR kwa udadisi. Nyaya zake zina kilovolti 25, na zinaua bila kuguswa.

Fundi mwenye kipande cha reli chakavu anayetaka kukifanya fuawe, hongera, hakuna fuawe bora. Anayetaka kukichomelea kuwa kishikio cha trela asithubutu. Reli ya kawaida ya R260 ina kaboni kati ya asilimia 0.62 na 0.80. Chukua 0.70, ongeza manganizi ya asilimia 1 iliyogawanywa kwa 6, umefika 0.87 kabla hujagusa kingine. Chuma hicho kinahimili megapaskali 880 na zaidi, na kitapasuka pembeni mwa mshono wako usiku ukiwa umelala. Madini adimu ndani yake hayatakusaidia.

Watu huniuliza kwa nini tusitumie yetu. Ni swali la haki. Mkoa huuhuu wa Morogoro una Mlima Wigu karibu na Kisaki, upande wa mashariki wa Mikumi, wenye madini adimu ndani ya miamba ya kabonati. Kampuni ya Canada ya Montero iliyatafiti, leseni yake ikafutwa, na mgogoro uliofuata ukaisha mwaka 2024 kwa serikali kukubali kuilipa dola milioni 27. Kule Songwe, mradi wa madini adimu wa Ngualla ulipewa leseni maalumu ya uchimbaji mwaka 2023. Lakini wanunuzi wa dunia wanataka neodimiamu na praseodimiamu za sumaku za magari ya umeme. Seriamu na lanthanamu hutoka shimoni kwa wingi pamoja nazo na bei yake ni ndogo, na kwenye chuma ndipo zingepata kazi. Kizuizi kipo kwingine. Viwanda vyetu vingi vya nondo vinayeyusha vyuma chakavu kwenye tanuri za induksheni, na tanuri hizo haziondoi salfa wala shaba. Kilichoingia ndicho kinachotoka. Seriamu ikitiwa humo italiwa na uchafu, kama hesabu ilivyotuonyesha. Ningependa kuona kwanza chakavu kikichambuliwa, nyaya za shaba na mota zikitengwa, na ndoo za kusafishia chuma zikifungwa. Kazi hiyo haina picha nzuri ya kupiga, lakini bila hiyo mlima wote wa Wigu hautoshi.

Na wewe mwenye tanuri dogo la kumimina vyuma, usitupe vijiwe vya kiberiti wala sumaku za spika ndani ya chungu ukitumaini kuiga China. Seriamu itawaka juu ya uso kabla haijazama, na sumaku za neodimiamu zina boroni itakayokiharibu chuma chako. Chuma cha kumimina chenye grafiti ya mviringo, ambacho H. Morrogh wa Uingereza alikionyesha mwaka 1948 kwa kutumia seriamu, kina unga wake maalumu wenye magnesiamu na madini adimu kidogo, unaouzwa pamoja na maelekezo yake. Nunua huo.

Limebaki jambo moja la karakana, nalo ni la bure. Bamba likishakatwa vipande, hakuna awezaye kujua rola zilipita wapi; mikwaruzo ya juu inaficha, na kutu inamalizia. Kabla ya kuwasha gesi ya kukatia, chora kwa chaki mishale inayofuata urefu wa bamba, mmoja kwa kila kipande kitakachotoka. Kisha chukua sentapanchi, gonga vitone vitatu juu ya kila mshale, na pembeni yake namba ya mkupuo iliyo kwenye cheti. Kipande kitakachobaki, kiegemeze ukutani mshale ukiangalia juu.